Nyumbani kwa Mtu Mwingine

Baba yangu hakuuliza njia maisha yake yote.
Wanasema aulizaye njia hapotei;
yeye alipotea kwa kiburi, akakawia,
akarudi Ourense usiku, jiwe la kunolea limelowa,
akisema, "Nilipita huku makusudi."
Aliniachia pikipiki, filimbi na wateja mia na arobaini.
Ramani hakuniachia. Ilikuwa kichwani,
na kichwa tulikizika naye mwezi wa pili.

Ukitaka kuijua adhabu ya Galisia, tafuta Vilar.
Kuna Vilar ya juu, kuna Vilar ya mtoni,
kuna Vilar ya nyumba tatu na mbwa mmoja mkali,
na katika kila moja kuna mtu anayengoja mkasi wake.

Simu nimeijaribu. Mtetemo wa injini
uliliua jicho la kamera ndani ya wiki tatu.
Kisha mvua ikakigusa kioo kabla yangu,
ikampigia mjomba Amaro nikiwa kwenye kona.
"Haloo?" anasema mjomba tumboni mwa koti. "Nani kafa?"

Basi nikaenda kwa Brais wa vipuri.
Akanitolea kifaa kipya sandukuni
akikishika kama padri ashikavyo mkate.
Kinasomeka juani. Kinakubali glavu.
Ramani bure hadi kufa.
"Kufa kwangu au kwake?" nikauliza.
Euro mia nne na tisini.
Nikapiga hesabu kwa visu, kisu kimoja euro tatu:
visu mia na sitini na vitatu, na bado euro moja,
mafuta sijatia, mkate sijala.

Akatoa kingine, cha euro themanini, jina halitamkiki.
Nilikimwagia maji palepale kaunta, Brais akipiga kelele.
Kikazima.
Rahisi ni ghali, hilo nalijua;
lakini ghali nayo ni ghali.

Mwisho nilikipata kwa Otilia wa rehani,
kati ya saksafoni na meno ya dhahabu:
kipande cha sabuni, kona imechubuka,
kifuniko cha chaji kimelegea (nimekiziba kwa nta).
Euro hamsini na tano.
Nikavaa glavu nikakibonya. Kikaitika.
Nikakitikisa, nikakitoa juani, nikamwaga chupa.
Otilia hakupiga kelele.
Alisogeza saksafoni tu.

Kinanifaa. Kinazijua Vilar zote
na kinazitaja kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka.
Ila mwenyewe wa kwanza hakufuta vyake.
Mle ndani mna Kazini. Mna Mama. Mna Daktari wa figo.
Na mna Nyumbani.

Ijumaa moja, ukungu mpaka magotini,
vidole vimekufa ganzi, nikabonya Nyumbani
nikidhani nimekwisha kuiweka yangu.
Geuka kushoto. Vuka daraja. Endelea.
Nikamtii kilomita kumi na tisa
nikishangaa mbona kwetu kumehama.
Umefika, akasema.

Mlango wa kijani. Madirisha yamepigiliwa mbao.
Chini ya kibaraza, juu ya saruji,
doa jeusi la oili, ukubwa wa sahani,
mahali pikipiki ilipozoea kulala.

Nikazima injini. Nikatoa filimbi,
nikaipuliza ile ngazi ya sauti, kupanda na kushuka,
kama tufanyavyo tukiingia kijijini.
Hakuna aliyeleta kisu.

Brais anasema kufuta ni kubonya mara mbili.
Najua.
Kwangu nimekuandika chini yake: Nyumbani 2.
Kifaa hiki kinabeba mahali mia tano,
nami nina wateja mia na arobaini, wengine wazee sana.
Nafasi ipo.